Naomba ushauri: picha ya bibi jirani, niuze au nisiuze?

Wakuu habari zenu. Mimi ni mchoraji, kwetu Tanga ila naishi Houston, Third Ward, mtaa wa Wamarekani weusi wa siku nyingi. Huku ndo kuna Project Row Houses, mwaka 1993 wasanii saba weusi akiwemo Rick Lowe walizichukua nyumba 22 za mbao zilizochakaa wakazifanya sehemu za maonyesho, na nyingine wanakaa akina mama vijana wanaolea wenyewe, yani sanaa na mtaa ni kitu kimoja, hicho ndo kilinivuta.

Sasa nimemchora bibi jirani yangu amekaa barazani, alikubali mwenyewe na picha akaipenda mpaka machozi. Kuna mtu anataka kuinunua kwa hela sijawahi kuipata, nikamwambia bibi, akanyamaza, halafu akaniuliza sura yake itaenda kukaa ukutani kwa nani. Toka siku hiyo silali vizuri, na wiki ijayo naongea mbele ya wasanii wenzangu kuhusu kazi yangu na huu mtaa, nitasemaje wakati hili sijalimaliza? Kodi nayo inanisubiri.

Nyie mnaochora majirani mnakubalianaga vipi, mnagawana hela, mnaandikishana kabisa, au nimuachie tu picha yake?