Tupeane uzoefu: Nyanya za Arusha na Moshi, faida inapotelea wapi?

Mkulima_Arumeru
Wakuu, habari za majukumu. Ukipita gulio la Tengeru Jumatano au Jumamosi unaweza kukuta nyanya safi inauzwa kwa bei ya kutupa, na miezi michache baadaye hiyo hiyo inatafutwa kwa tochi. Uzi huu ni wa wenye nusu eka hadi eka mbili. Wekeni vipimo, hatua na chanzo cha hasara. Simulizi za "nilivyopata milioni" tuziache.

Naanza na kalenda. Miche hukaa kitaluni wiki 4, kisha siku 75 hadi 90 shambani kabla ya chumo la kwanza. Anza na siku unayotaka kuuza, uhesabu kurudi nyuma. Nyanya ya katikati ya Mei isiwe imesiwa baada ya Januari. Wengi husubiri masika yaishe, wakapanda Juni kwa pamoja na kuvuna Septemba kwa pamoja. Hapo hakuna dalali atakayekubembeleza.

Kitalu_Bora
Eka moja kwa nafasi ya sm 75 kwa 50 inabeba miche 10,800 hivi. Sia mbegu 13,000, yaani trei 65 za matundu 200, ili ya kuziba mapengo iwepo. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, la sivyo miche italala siku ya kwanza ya jua. Tanya na Tengeru 97 zina ganda gumu na zinavumilia safari. Chotara huzaa zaidi, ila mbegu yake usiikamue ukairudia: kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza.

MajiKwanza
Maji ya mfereji yana tope, na dripu (mipira ya kumwagilia kwa matone) huzibwa na tope. Weka pipa la kutuamisha, kisha chujio la mikroni 130, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yatoke hadi yawe meupe. Kwa mistari ya sm 75, eka inakula mpira wa mita 5,400. Tangi lililoinuliwa mita 1 linatoa presha ya bar 0.1 tu, kwa hiyo mistari isizidi mita 20 hivi, vinginevyo mwisho wa mstari unakosa maji.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi, watu hukimbilia dawa. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umekosa kalisi (kalsiamu) kwenye tunda, na mara nyingi ni kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi: siku nne kavu, ya tano mafuriko. Zamu ya mfereji ikichelewa, tandaza majani makavu kushika unyevu.

Daktari_wa_Mimea
Kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, imekuwa nchini tangu 2014 na kosa kubwa ni kupiga dawa ile ile kila wiki. Angalia kiambata (kemikali yenyewe inayoua wadudu) kwenye kibandiko, si jina la kopo, maana makopo mawili tofauti yanaweza kuwa na kiambata kimoja. Zungusha makundi ya viambata, piga jioni, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Matunda yenye matundu fukia au funga kwenye mfuko mweusi juani. Ukiyaacha pembeni mwa shamba umefuga wadudu.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina karibu na ardhi ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya kuutibu. Ng'oa, na hapo panda mahindi au vitunguu. Bilinganya, hoho na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, zisifuate.

Kibosho_Juu
Mleta mada, kulenga Mei kuna gharama hujaisema. Ukungu wa masika unamaliza shamba ndani ya wiki. Mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga tu, gramu 50 kwa pampu ya lita 20, kabla ya mvua na si baada ya jani kuoza. Asiye na fedha ya kupiga kila siku 7 apunguze eneo, apande robo eka.

Mama_Mbuyuni
Nawaomba sana mpige hesabu kabla ya kupanda. Mfano: eka imekula 3,600,000 na kutoa kreti 400. Kila kreti imegharimu 9,000. Kreti 40 zikikataliwa, zilizobaki 360 zinabeba 10,000 kila moja. Ongeza 3,000 za gari, upakiaji, ushuru na dalali: chini ya 13,000 unauza kwa hasara. Namba hii uwe nayo kichwani dalali akipiga simu.

Na kukataliwa huko huanzia shambani. Chuma umande ukishakauka, toa vikonyo kwa sababu vinatoboa jirani zake, weka kivulini. Ya kwenda Dar ichumwe ikianza pinki. Ya masoko ya hapa, Mbuyuni (Moshi) au Kilombero (Arusha), iwe nyekundu. Tenga lenye kilo 40 linasagika chini. Kreti ya plastiki ya kilo 20 na kitu ni ghali, ila inarudi.

Mgeni_Usa
Zilizoiva mno je?

Msindikaji_Mdogo
Zilizooza tupa. Zilizoiva mno menya, ponda, chemsha, kisha weka kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya chupa kwa kila nusu lita, kwani asidi ndiyo inayozuia sumu hatari kwenye mtungi wa kioo. Jaza na ufunge, kisha mitungi ya nusu lita itokote ndani ya maji dakika 45. Vipimo vya pwani ni vifupi, lakini Arusha ipo mita 1,400 juu na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa kuuza madukani utahitaji nembo ya TBS (Shirika la Viwango). Anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwa mafunzo na barua ya utambulisho.