Wenye ADHD mnaokabwa na jinamizi usiku, tupeane uzoefu

Bundi wa Ubungo (mleta mada)
Wakuu, habari za wakati huu. Nina ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kushika umakini, niligundulika ukubwani baada ya kuitwa mvivu na msahaulifu tangu shule ya msingi. Hilo nimeshalizoea. Linalonitesa ni jinamizi. Karibu na alfajiri nashtuka, macho yanaona chumba chote, chandarua, feni inazunguka, ila mkono hauinuki na sauti haitoki. Halafu kuna mtu. Simuoni sawasawa, najua tu yupo pale mlangoni, na akisogea kifua kinakuwa kizito hadi pumzi naivuta kwa kuibia. Baadaye kidole kimoja kinacheza, mwili wote unafunguka. Huwa linakuja zile wiki ambazo nimekesha na simu hadi saa tisa usiku. Kuna mwenzangu humu?

Mama Wawili
Pole sana mkuu. Langu linakuja mchana, nikijilaza chali kwenye kochi baada ya usiku mbovu. Wengi wenye ADHD saa ya mwili imechelewa. Melatonini, ile homoni ya usingizi, kwa wengi wetu huanza kupanda kama saa moja na nusu nyuma ya watu wengine. Saa nne nyumba nzima inakoroma, kichwa changu ndiyo kwanza kinafungua duka. Nakumbuka sare ya mtoto haijafuliwa, naamka nafua, nikimaliza naanza kupanga kabati. Saa kumi na moja simu inalia niamke. Kwa usingizi wa vipande vipande hivyo, jinamizi litakosaje?

Mpemba Halisi
Nyie mwacheza. Sie tuliokuwepo 1995 Popobawa, lile jini la kuvamia watu usiku vitandani, alipoitikisa Pemba na Unguja twajua. Watu walilala nje, wamekusanyika, hakuna aliyethubutu kubaki chumbani peke yake. Wote wale walikuwa na hiyo ADHD yenu? Dua kwanza, hospitali baadaye.

Fundi Kimya
Ndugu yangu Mpemba, dua hatuikatai, mimi mwenyewe silali bila kusoma. Ila jiulize, watu wakiogopa kulala wanakesha, na aliyekesha ndiye anayekabwa kirahisi zaidi. Hofu ile ilikuwa inajilisha yenyewe.

Mzee wa Zamu
Niko kwenye afya, niongeze kidogo. Kwenye usingizi wa ndoto ubongo huzima misuli karibu yote ili usiruke kitandani ukifuata unachokiota. Macho na kiwambo cha kupumulia vinaachwa. Akili ikiamka kabla misuli haijaachiwa, ndiyo unakabwa, na ndoto inaendelea ukiwa macho, ndiyo huyo mtu wa mlangoni. Unahisi unakosa hewa, lakini unapumua. Kwa kawaida ni sekunde kadhaa, au dakika moja mbili.

ADHD haiji na jinamizi moja kwa moja. Njia inapita kwenye kukosa usingizi na kulala saa zisizoeleweka. Mnaotumia dawa ya ADHD iitwayo methilifenideti, yaani Ritalin na wenzake, ikimezwa jioni inafukuza usingizi. Msiache dawa wenyewe, ongeeni na daktari kuhusu saa za kumeza. Na lala ubavu, kulala chali kunalikaribisha.

Kuna jambo moja watu wanalipita. Mtu anasinzia mchana popote alipo, anakabwa usiku, na akicheka sana magoti yanalegea. Huyo achunguzwe nakolepsia, ugonjwa wa usingizi kumvamia mtu mchana. Inapoteza umakini kiasi cha kufanana na ADHD, na wengine wanazo zote mbili.

Bundi wa Ubungo
Mzee wa Zamu, hiyo ya kulegea lazima yawe magoti? Mimi nikichekeshwa sana taya linaning'inia, maneno hayatoki vizuri. Kijiweni wanadhani naigiza. Na kwenye daladala silali kwa kupenda, kituo kinanipita.

Mzee wa Zamu
Si lazima magoti. Taya, shingo, hata kope. Andika kwa wiki mbili saa unayolala, unayoamka na kila unaposinzia, kisha muone daktari wa mishipa ya fahamu. Anza kumsimulia hilo la taya, jinamizi lifuate. Ukitanguliza kukabwa, mtatumia muda wote kuongelea mawazo na msongo.

Mama Wawili
Bundi, na hiyo daladala iandike pia. Kondakta wako ndiye shahidi.