Mgombea akila mahindi ya kuchoma na sisi, ndiyo mwenzetu?

Konda Mstaafu: Wakuu, tuulizane. 2015 kwenye kampeni za urais Magufuli alipiga pushapu jukwaani, mpinzani wake Lowassa naye akapanda daladala Dar. Kijiweni kwetu hakuna aliyesoma ilani, lakini kila mtu alishajua yupi "mwenzetu". Huwa tunampimaje mtu? Mimi kipimo changu ni ugali. Anayekula ugali kwa uma simpi kura hata ya ubalozi wa nyumba kumi.

Bint Pangani: Pushapu zile zilikuwa na mlengwa. Lowassa alikuwa anasemwa mgonjwa. Mwenzake akishuka chini akanyanyuka, hajataja jina la mtu na umeshaelewa. Hiyo si haiba, ni kampeni.

Ngosha wa Nyakato: Konda, angepanda gari lako ungemdai nauli?

Konda Mstaafu: Ningemdai. Na chenji asingeiona.

Mama Wawili: Mimi hilo la uma limenikera. Baba yangu alipooza mkono wa kulia, mwaka wa tatu huu anakula ugali kwa kijiko, tena kwa kushoto. Kwa hiyo si mwenzenu tena?

Konda Mstaafu: Dada, nimesema uma, kijiko sijakigusa. Na nimesema mgombea. Mpe pole mzee.

Mama Wawili: Usiniite dada. Na pole yako kaa nayo.

Ngosha wa Nyakato: Huku kwetu ukija na uma kwenye ugali wa udaga, ule wa muhogo, unauacha humo humo.

Bint Pangani: Tumeshahamia jikoni! Tazameni Kenya 2022. Ruto alikuwa Naibu Rais miaka 9, akaja na toroli na hadithi ya kuuza kuku barabarani, watu wakamwona hasla mwenzao. Akapita na asilimia 50 na kidogo. Kuku aliuza kweli, lakini miaka 9 ile ya ikulu ilienda wapi?

Mjukuu wa Chifu: Haiba ni kila kitu. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu 2007 kwa kashfa ya Richmond, ule mkataba wa umeme, na bado alijaza viwanja.

Ngosha wa Nyakato: 2008, Februari. Usitupotoshe.

Mjukuu wa Chifu: Mwalimu wa tarehe kaingia. Kura zaidi ya milioni 6 alipata, hiyo nayo sahihisha.

Ngosha wa Nyakato: Na akashindwa. Nimesahihisha.

Konda Mstaafu: Mama Wawili, uma nimeufuta. Mzee mwenyewe huwa anaangalia nini?

Mama Wawili: Nimemsomea haya yote, kacheka mpaka kijiko kikaanguka. Kasema yeye huangalia viatu. Mgombea akishuka kwenye gari, je, anakwepa tope au analikanyaga.

Konda Mstaafu: Kura anampa anayekanyaga, siyo?

Mama Wawili: Anayekwepa. Anasema anayekanyaga kaambiwa akanyage.