Binti yetu ameitwa kazi ya yoti Ufaransa, ajenti anadai pesa ya kitanda. Mabaharia, tushaurini

MamaMkubwa_Kondele
Hamjambo wanajukwaa. Naandika kuhusu binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mwenyewe. Alisomea mambo ya hoteli, akafanya kazi ya vyumba hapa Kisumu, kisha akashuka Mombasa kwa kozi ya usalama wa baharini. Sasa ameitwa awe mhudumu kwenye yoti ya injini, yaani chombo cha anasa cha baharini, yenye urefu wa mita 50. Msimu wa kiangazi itakuwa Antibes, Ufaransa.

Ajenti ametutumia ramani ya ndani. Wageni ni 12, wana vyumba sita, kila kimoja na bafu lake, na cha mwenye yoti kimechukua upana wote wa chombo. Wafanyakazi 11 wamewekwa kule mbele, sitaha ya chini, wengi wakilala wawili wawili. Udogo wa vyumba haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba ajenti hataki kusema msichana atalala na nani. Anajibu tu, "atapangiwa akifika." Halafu anataka shilingi 85,000 za kushika kitanda. Bado hatujalipa, na jibu linatakiwa Ijumaa. Nishaurini kama mngemshauri dada yenu.

OmoNaTezi
Mama, usitoe hata shilingi. Kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata viza si mzigo wake. Chakula cha melini ni bure, na nauli ya kumrudisha nyumbani mkataba ukiisha ni ya mwenye chombo. Hiyo "pesa ya kitanda" ni ada ya kazi iliyobadilishwa jina.

Dada_wa_Usenge
Nimefanya kazi hiyo ya uhudumu, kwa hivyo wacha nikueleze chumba chenyewe. Ni kitanda cha ghorofa, kabati jembamba, na choo na bafu pamoja nyuma ya mlango mmoja. Vitu vyako vinakaa kwenye droo chini ya kitanda, kwa hivyo aje na begi laini linalokunjika, sanduku gumu halina pa kuwekwa. Wageni hulazwa katikati kwa sababu hapo chombo hakiyumbi sana. Sisi tuko omo, yaani mbele kabisa, ambako bahari ikichafuka unarushwa kitandani, na nanga ikishushwa alfajiri mnyororo unanguruma karibu na kichwa chako. Hayo mwili unayazoea.

Kwa mtazamo wangu, suala zito ni la mwenzake wa chumba. Sheria inataka wanawake na wanaume walale vyumba tofauti, na kila mtu awe na kitanda chake. Kitanda kisipungue sentimita 198 kwa 80. Nahodha au mkuu wa wahudumu anajua mpango wa vyumba kabla mtu hajakata tiketi. "Atapangiwa akifika" si jibu, mama. Aandike barua pepe kwa nahodha mwenyewe, bila kupitia kwa ajenti, aulize: nalala chumba kipi, na nani, mlango unafungwa kwa ndani? Nahodha mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Kijana_Nakuru
Mimi naona mnamtia hofu bure. Kazi ni chache huku, chumba ni cha kulala tu. Aende.

Dada_wa_Usenge
Ndugu, wageni wakiwa ndani unatandika, unapiga pasi na kuhudumia meza hadi usiku wa manane. Sheria inadai saa 10 za mapumziko kila saa 24, na 77 kwa wiki. Saa hizo utazipumzika wapi kama chumbani kwako huna amani? Hakuna kutoka uende kwa rafiki, nje ni maji.

OmoNaTezi
Nimesahau jambo, Mama. Uliza yoti imesajiliwa kibiashara, yaani ya kukodishwa, au ni ya matumizi binafsi ya mwenyewe. Mkataba wa 2006 unabana zile za biashara. Kama ni ya binafsi, kinga yake itakuwa kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake wa ajira, kwa hivyo chumba, mapumziko na nauli ya kurudi viwemo kwa maandishi. Uliza pia bendera, yaani nchi ilikosajiliwa. Nyingi ni za Visiwa vya Cayman, Malta au Visiwa vya Marshall, na bendera ndiyo inayoamua ni sheria za nchi gani zinazotumika ndani.

FundiInjini_Mbita
Naongeza dogo. Kwenye ramani, mwambie atafute njia ya dharura kutoka vyumba vya wafanyakazi. Mara nyingi ni ngazi inayopanda hadi kifuniko cha sitaha ya mbele. Akifika, siku ya kwanza aipande mwenyewe gizani.

MamaMkubwa_Kondele
Nawashukuru sana, wanangu. Amemwandikia nahodha jana jioni na leo asubuhi jibu limekuja. Yoti ni ya kukodishwa, bendera ya Malta. Atalala na msichana mwingine mhudumu, na mlango unafungwa kwa ndani. Nahodha amesema hajui lolote kuhusu shilingi 85,000, na ameomba tumtumie jumbe za ajenti. Tumemtumia. Je, huyu ajenti nimripoti wapi?

OmoNaTezi
Mamlaka ya Bahari, KMA. Mawakala wa mabaharia hupewa leseni na wao. Ulizia kwanza kama jina lake limo kwenye orodha, na ubebe jumbe zote zikiwa zimechapishwa. Usizifute kwenye simu. Mkataba wa ajira autie sahihi binti mwenyewe, abaki na nakala yake, na tarehe ya kurudi nyumbani iwe imeandikwa humo.

MamaMkubwa_Kondele
Kesho naenda. Nitaleta majibu hapa hapa.