Mkopo wa chuo: kwa nini tunapima umaskini wa mtu anayekopa?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu.

Dirisha la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo likifunguliwa, Tanzania nzima huanza kusaka makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Cha kifo nacho, kama mzazi ametangulia. Aliyesomeshwa na kanisa au shirika atafute barua ya mfadhili. Fomu ipigwe muhuri serikali ya mtaa, kisha kwa hakimu au wakili. Jasho lote hilo ni la kuthibitisha kwamba kijana ni maskini wa kutosha kukopeshwa.

Mimi naona hapo ndipo tulipokosea. Sadaka ndiyo huulizwa nani anastahili. Deni huulizwa nani atalipa.

Chukueni watoto wawili. Wa kwanza mama yake anauza vitumbua, ila mjomba aliyekuwa na kazi nzuri alimpeleka shule ya binafsi. Mjomba kastaafu, mtoto kapata udahili, na kwenye karatasi anaonekana katoka shule ya ada kubwa. Wa pili baba yake ana nyumba tatu za kupangisha, hakuna hata moja yenye jina lake, na mtoto kasoma shule ya kata. Kwa makaratasi, mhitaji ni nani hapo? Nchi ambayo watu wengi wanaishi kwa kilimo, bodaboda na biashara za mkononi, kipato cha mzazi utakipimia wapi? Mwenye mshahara anaonekana hadi senti ya mwisho. Mwenye fremu mbili Kariakoo haonekani kabisa.

Pendekezo langu: kila aliyedahiliwa shahada ya kwanza na anataka mkopo, apewe walau ada. Uhitaji upimwe kwenye boom tu, ile 10,000 kwa siku ya chakula na malazi.

Karibuni tujadiliane.

MWALIMU, KAHAMA

Mkuu, unagawa kirahisi kwa sababu hujaangalia nani analipa.

Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato ya kurejesha mkopo yakatoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, na yakawakuta hata waliosaini wakijua ni 8. Tufanye hesabu kwa mtumishi wa 800,000. Bodi 120,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, 24,000. Kodi ya mshahara 68,000. Chama cha wafanyakazi kikichukua asilimia 2 ni 16,000 nyingine. Anabaki na 532,000, hajalipa kodi ya nyumba, hajatuma kitu kijijini, na mdogo wake naye yuko kidato cha sita anaangalia simu ya kaka.

Huyo ndiye mlipaji wako. Aliyesoma kwa mkopo huo huo akafungua biashara anatakiwa kwenda kulipa mwenyewe, kwa hiari ya moyo wake. Ukiongeza wakopaji bila kuongeza namna ya kuwafikia hao, mzigo utaturudia sisi ambao salari slipu zetu ziko wazi.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Tangu 2021 Rais Samia alipofuta ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni, mkopo hauna riba. Ukimpa kila mtu, tajiri atamwambia mwanawe achukue, yeye ada aipeleke UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ikazae. Miaka kumi baadaye analipa zile zile shilingi zilizochakaa. Hapo maskini atakuwa anamsaidia tajiri kuwekeza. Mimi ningefanya hivyo hivyo, nisiwadanganye.

MLETA MADA

Mkuu wa Arusha umenishika pabaya. Sikuiwaza hiyo ya UTT.

Narekebisha. Ada iwe wazi kwa wote, lakini asiyethibitishwa kuwa mhitaji alipe na asilimia ya kutunza thamani. Aliyethibitishwa alipe bila nyongeza. Mwenye nyumba tatu hatakimbilia mkopo usio na faida kwake, na yule wa mjomba mstaafu hatakosa chuo, ataongezewa deni kidogo. Tofauti ya kukosa na kuongezewa ni kubwa sana kwa mtu aliyekwisha pata udahili.

Mwalimu, kuhusu waliojiajiri huna mpinzani kwangu. Ila hilo ni tatizo hata leo tunapochuja, kwa hiyo haliwezi kuwa sababu ya kuchuja.

MSTAAFU, MOSHI

Vijana, hata zamani, wakati ambao watu huuita wa elimu ya bure, kulikuwa na malipo yake. Mwaka 1966 serikali ilipotaka wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Baada ya Azimio la Musoma, 1974, ukimaliza kidato cha sita ulitumikia kwanza, chuo baadaye. Taifa lilikuwa linadai, tofauti ni kwamba lilimdai kila aliyepita mlangoni, awe mtoto wa waziri au wa mchunga mbuzi. Hilo ndilo nalolikosa katika mjadala wenu.

MCHANGIAJI, ELDORET

Jirani zangu, msituige kabla hamjatusikiliza. Zamani mwanafunzi wa chuo cha umma huku alikuwa anajua ada ni 16,000 za Kenya kwa mwaka, basi. Mwaka 2023 serikali ikaleta mfumo mpya: bei kamili ya kozi itajwe, halafu familia zipangwe kwa bendi kulingana na uwezo, kila bendi na mgao wake wa ufadhili, mkopo na kile mzazi anachotoa mfukoni. Kwenye karatasi ilipendeza. Kilio kilichofuata kilikuwa cha watu kupangwa bendi isiyo yao, mama mboga akiandikwa kama mwenye mshahara mnono. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Mwanafunzi katikati hapo amekaa akingoja wakili amalize.

Kwa hivyo mleta mada namuunga mkono nusu. Kupima kumetushinda hata sisi tuliokuja na kompyuta. Lakini pesa za kumpa kila mtu ada zitatoka wapi?

MLETA MADA

Swali la haki. Bajeti ya mikopo yetu imetoka bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi 787 mwaka 2024/25, na stashahada nazo zimeingizwa humo. Sidai itatosha kesho asubuhi. Ningeanza na ada za vyuo vya umma, ambazo ni ndogo kuliko za binafsi, tuone marejesho yanakwendaje kwa miaka mitatu.

MWANAFUNZI, MBEYA

Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuingilia. Majina yangu kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yanatofautiana herufi moja, Y na I. Kuna mwenye uzoefu kabla dirisha halijafungwa?

MWALIMU, KAHAMA

Marahaba mwanangu. Nenda kwa wakili ukaandikiwe kiapo cha jina, na uende leo. Na wewe mleta mada, hiyo Y inayomkimbiza mtoto huyu iandike kwenye hoja zako, ina nguvu kuliko mjomba mstaafu.