Wakuu naombeni ushauri, gari inazima kila nikisimama kwenye mataa

Mama Wawili
Habari za usiku wakuu. Nina Toyota IST ya cc 1300 hivi, otomatiki. Ikitembea haina shida kabisa, inavuta vizuri, ila nikianza kupunguza mwendo nisimame kwenye mataa au foleni mshale wa mizunguko ya injini unashuka chini ya 500, gari inatetemeka halafu inazima. Leo imenizimia mara 4 kati ya Ubungo na Magomeni, nyuma daladala inapiga honi na watoto wamo ndani wanalia. Nikiwasha inawaka palepale. Nimeambiwa injini imekwisha niweke nyingine. Naombeni kujua injini ya mtumba ya hii gari ni bei gani nisije nikapigwa.

Foleni Sugu
Pole sana dada. Mimi yangu ilinifanyia hivyohivyo 2019, nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikabadilisha pampu ya mafuta, kila fundi anakuja na lake, mwisho ikagundulika kwenye tenki kuna maji, nilijaza mafuta ya kwenye madumu huko njiani wakati natoka kijijini kwenye msiba. Kwahiyo shusha tenki kwanza.

Spana 17
Dada usinunue injini. Injini iliyokwisha inachoka mlimani, inakula oili, inatoa moshi. Yako inavuta ila haina sailensa, yaani haiwezi kuunguruma ikiwa imesimama, hiyo ni hewa au umeme, sio injini. Nijibu haya: ukizima AC inakuwaje? Ukiweka gia kwenye N kabla hujasimama? Taa ya cheki injini inawaka? Na ilianza lini, kabla ya hapo gari iliguswa nini?

Binti Lizombe
Mimi nitasema ukweli hata kama utachukia. Gari inazima barabarani na bado unabeba watoto? Injini ikizima, ukikanyaga breki mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe. Paki, panda mwendokasi mpaka ipone.

Mama Wawili
Asanteni. Dada Binti nimekuelewa, kesho wanapanda basi. Spana, nikizima AC kuna nafuu, nikiweka N mara nyingine haizimi. Taa inawaka, walipima kwa mashine ikaleta P0171. Moshi hakuna. Desemba nilipanda nayo mlima wa Kitonga tukiwa watu 5 na mizigo, haikusumbua. Tatizo lilianza mwezi wa 1. Sasa injini bei gani?

Spana 17
P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko inavyotakiwa kwa mafuta yanayoingia. Gari ya kupanda Kitonga Desemba haifi injini Januari bila kuchemsha wala kuishiwa oili. Swali la mwisho umeliruka. Mwezi wa 1 nani aliigusa?

Mama Wawili
Sawa nasema. Ilifanyiwa service. Alibadilisha oili na plagi, akatoa boksi la filta ya hewa, akasafisha throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, akachomoa na betri. Kesho yake ikaanza kuzima. Sikutaja kwasababu aliyefanya ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na huyohuyo ndiye aliyesema injini imekwisha, anayo ya milioni 1 na laki 8, nimeshampa kianzio laki 7. Mume wangu yuko Mtwara kikazi, hajui. Lakini shemeji sio mtu mbaya jamani, mtoto alipolazwa yeye ndiye aliyekesha na mimi hospitali. Nikimwambia kakosea itakuwa vita ya ukoo. Naona bora nimalizie tu hiyo hela yaishe.

Mzee wa Gongo la Mboto
Mwanangu, laki 7 bila mwenzio kujua hilo ni tatizo kubwa kuliko gari. Mpigie mumeo leo. Nimekaa kwenye ndoa miaka 31, hela iliyofichwa siku zote inajulikana.

Chumvi Nyingi
Hii ni chai. Mwanamke anajua P0171, anajua throto, halafu ameulizia bei ya injini mara mbili. Subirini kidogo mtaona namba ya simu ya muuza injini inawekwa hapa.

Foleni Sugu
Kweli bwana, hata mimi nimeanza kushtuka.

Mama Wawili
Kaka Chumvi, mimi ni mwalimu wa sekondari, neno nikilisikia kwa fundi naliandika kwenye daftari. Sina injini ya kuuza, nina injini ninayouziwa. Nimeshuka na tochi usiku huu nimepiga picha, hii hapa, asiyeamini aangalie.
[picha]

Spana 17
Chumvi muache dada wa watu. Mama Wawili, angalia ule mpira mweusi mnene unaotoka boksi la filta kwenda kwenye throto. Upande wa throto sioni klipu, na mpira umekaa upande. Hapo hewa inapita bila sensa kuihesabu, kwahiyo mafuta yanapimwa pungufu. Ukikanyaga mafuta hewa inayopita ni nyingi, hiyo ya wizi haionekani sana, ukiachia inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote na moto unakufa. Zima injini ipoe, urudishe mpira, ukaze klipu. Kisha cheki kama kuna kebo ya mafuta inayofika kwenye throto, kama hakuna basi throto ni ya umeme, na kwa kuwa betri ilichomolewa, washa gari iache iungurume dakika 10 AC ikiwa imezimwa, kompyuta yake ijifunze upya sailensa.

Mama Wawili
Wakuu nimerudi. Klipu ilikuwa imedondokea chini ya betri. Jirani ameikaza, mpira ulikuwa na mpasuko mdogo pembeni, ameufunga kwa tepu mpaka nipate mwingine. Imeunguruma, mshale umekaa 700, nimewasha AC haikuzima. Nimeenda hadi Kimara Mwisho na kurudi, nimesimama kila kituo makusudi. Nimempigia mume wangu nimemwambia vyote. Alinyamaza muda mrefu, akasema ataongea na mdogo wake mwenyewe. Laki 7 bado iko kwa shemeji.