Kidonge kinafyonza maikrowevu ilhali ukinzani haujafika sifuri: je, ni supakondakta?

Swali (mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)
Salaam, walimu wangu. Nimeoka kidonge cha oksidi ya itriamu, bariamu na shaba, ambacho kikitengenezwa vyema hugeuka supakondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani wowote, chini ya kelvini 92 hivi (karibu nyuzi -181 za Selsiasi). Nilipokipima kwa nyaya nne ndani ya nitrojeni kimiminika, iliyo baridi kuliko kiwango hicho, kama ile inayohifadhia mbegu za fahali kule Kabete, ukinzani ulishuka lakini haukufika sifuri. Hata hivyo, katika spektromita ya maikrowevu ya gigahazi 9.4, kifaa kinachopima ufyonzaji uga sumaku unapobadilishwa, kilitoa ishara kubwa karibu na uga sumaku wa sifuri. Niamini kipimo kipi?

Jibu la 1
Ndugu, viamini vyote viwili. Ili ukinzani uwe sifuri, lazima chembe zilizo supakondakta zishikane bila kukatika kutoka waya mmoja hadi mwingine, na mipaka michache mibovu baina yake yatosha kuvunja njia hiyo. Ufyonzaji hauhitaji njia. Kila kisiwa kidogo cha supakondakta, na hasa vile viungo dhaifu baina ya chembe ambavyo mwanafizikia Brian Josephson alivifafanua kwa nadharia mwaka 1962, hupoteza nishati ya maikrowevu kwa kiasi kinachobadilika upesi uga unapoongezwa hata kidogo, na ndiyo maana kipimo hiki hunasa supakondakta iliyo sehemu ndogo mno ya sampuli. Kipashe joto polepole: ishara itoweke karibu na kelvini 92, nayo iwe imepinduka ikilinganishwa na ile ya ayoni za shaba inayoonekana karibu na militesla 320.

Jibu la 2
Naongeza tahadhari, kwani nimeona wengi wakisherehekea mapema. Baadhi ya oksidi zenye usumaku, feraiti kwa mfano, nazo hufyonza maikrowevu karibu na uga wa sifuri. Kitie kidonge ndani ya koili ya osileta (saketi inayozalisha mawimbi ya umeme) ya megahazi chache. Kikigeuka supakondakta kitausukuma uga nje, induktansi ya koili, yaani uwezo wake wa kuhifadhi nishati ya sumaku, itapungua na masafa yatapanda ghafla. Kitu chenye usumaku kwa kawaida huyashusha.

Muuliza swali
Asanteni sana. Ishara ilitoweka karibu na kelvini 90, na masafa yalipanda papo hapo. Sasa nakirudisha kidonge tanurini, katika oksijeni, kwa nyuzi 450 za Selsiasi, kisha nitapima ukinzani upya.